Mgeni wa Alfajiri

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Tuanze na neno ambalo bila shaka umelisema leo kabla hujatia kitu kinywani. Ulipotoka chumbani ukamkuta mama yako uani, au ulipokutana na jirani mlangoni mwa msikiti, baada ya salamu ya dini ulimwuliza: "Habari za asubuhi?" Naye akakujibu: "Njema, alhamdulillahi." Huenda usiku kucha hakulala. Huenda mjukuu ana homa, au ngalawa ya mwanawe haijarudi, au unga umekwisha nyumbani. Hayo atakwambia, lakini atakwambia baadaye, akisha kushukuru, na atakwambia kwa kuwa una la kumsaidia, japo dua.

Wazee wetu waliotuachia maamkizi haya hawakuwa wajinga. Walituwekea utaratibu mzima wa kutoa habari: kwanza shukrani, kisha tabu, kisha shauri la kuiondoa tabu. Na habari yenyewe walimpa yule aliyeuliza, saa aliyouliza.

Sasa washa televisheni. Nayo yatupa habari za asubuhi, lakini kwa utaratibu mwingine kabisa. Aghlabu huanza na lililo baya kuliko yote, likafuatwa na la pili kwa ubaya, kisha kicheko cha watangazaji wawili wenye vikombe vya chai, kisha tangazo la sabuni, kisha mpira, kisha magazeti, kisha lile baya la kwanza likarudi tena kama halijasemwa. Swali langu leo ni hili: je, saa ya kutoa habari na namna ya kuzipanga ni ufundi tu, tuwaachie wenye vituo? Au ni jambo la akhlaki, ambalo mtoaji ataulizwa na mpokeaji ataulizwa? Mimi nasema ni jambo la akhlaki. Nakuomba unisikilize mpaka mwisho, ndipo uhukumu.

Kipindi hiki kimetoka wapi

Kipindi cha habari za asubuhi katika televisheni si kitu cha kale. Huko Marekani kituo cha NBC kilianzisha kipindi chake kiitwacho Today tarehe 14 Januari 1952. Kabla ya siku hiyo asubuhi ilikuwa ya redio na gazeti. Wengi walidhani hakuna atakayekaa mbele ya kioo saa ya kuvaa viatu na kutafuta funguo. Mwaka uliofuata, 1953, kipindi kile kikatiwa sokwe mdogo, akapewa jina J. Fred Muggs, akavishwa nguo kama mtoto wa watu, akakaa karibu na mtangazaji. Watazamaji wakaongezeka, na wenye bidhaa za kutangaza wakaongezeka.

Uingereza mambo yalikuwa ni yayo hayo. BBC ilianza kipindi chake cha asubuhi tarehe 17 Januari 1983, na tarehe 1 Februari mwaka huo huo likafuata shirika la TV-am. TV-am walianza kwa uzito, wakitaka kuwaeleza watu mambo. Watazamaji wakawakimbia. Aliyewaokoa akatajwa sana kuwa ni panya, tena si panya wa kweli bali kikaragosi cha panya, jina lake Roland Rat. Ndugu msomaji, usicheke ukapita. Hapo ndipo kipindi cha asubuhi kilipojifunza somo lake: kwamba asubuhi mtu hatafuti sana kujua, hutafuta wa kuamka naye.

Kisha ikaja televisheni ya waya. Tarehe 1 Juni 1980 huko Marekani ilizinduliwa CNN, kituo cha habari tupu, mchana na usiku. Mwaka 1982 kikazaa kituo cha pili ambacho habari zake zilizunguka kama gurudumu, kila nusu saa zikaanza upya. Hoja yake haikuwa mbaya: mtu ana dakika kumi tu za kutazama, basi wakati wowote atakapowasha azikute habari muhimu. Lakini fikiri nyumba ambayo televisheni imewashwa saa mbili nzima, mama yuko jikoni na watoto wanavaa sare za skuli. Nyumba hiyo itasikia ajali moja mara nne. Akili itajua kuwa ni ajali moja. Moyo utahesabu nne.

Kwetu, Zanzibar ilipata televisheni yake mapema katika miaka ya 1970, na Tanzania Bara ikangoja mpaka 1994. Kwa muda mrefu kioo kilikuwa cha jioni, na asubuhi ilikuwa ya redio. Kisha yakaja madishi na waya za mitaani, kisha ving'amuzi. Dar es Salaam ilizima mitambo ya zamani tarehe 31 Desemba 2012. Hivi leo vituo vyetu vina vipindi vya asubuhi kama vya watu wengine, vina sofa, vikombe, uchambuzi wa magazeti na simu za watazamaji. Si lazima tuvilaumu kwa hilo. Lakini aliyeazima kanzu ya mwenzake yampasa aitazame kabla hajaivaa.

Safari ya mpaka Murusagamba

Wewe uliye Lamu, Mombasa, Tanga, Unguja au Kilwa, nakuomba twende pamoja mbali kidogo na bahari. Twende Murusagamba, katika wilaya ya Ngara, mkoa wa Kagera, pembe ya kaskazini-magharibi ya Tanzania, mpakani na Burundi. Nina sababu ya kukupeleka huko. Jambo ambalo sisi wa pwani hatulioni kwa kuwa tumelizoea, huko linaonekana wazi.

Tanzania nzima hufuata saa moja ya ukutani, lakini jua halifuati saa hiyo. Jua likishachomoza Dar es Salaam, watu wa Murusagamba hungoja kiasi cha nusu saa au zaidi ndipo walione. Mwezi wa Novemba, kipindi cha saa kumi na mbili kamili asubuhi kikianza kutoka studio za Dar es Salaam, mtu wa pwani hukuta jua limeshatoka, na kama ni mwenye kusali amekwisha kusali. Mwislamu wa Murusagamba kipindi kile kile humkuta bado yumo ndani ya wakati wa Alfajiri, na pengine ndiyo kwanza anatia udhu. Wala si Novemba tu. Huko Ngara saa kumi na mbili ya asubuhi ni kabla ya jua mwaka mzima.

Na akigeuza kitufe cha redio kidogo tu, atasikia Burundi, ambako saa iko nyuma ya yetu kwa saa moja. Kwetu ni kumi na mbili, kwao ni kumi na moja. Mtu mmoja, redio moja, asubuhi mbili. Basi ipi ni asubuhi yake? Saa ya Dar es Salaam haikumfikiria yeye, na ya Burundi pia haikumfikiria yeye. Aliyepanga ratiba alitazama ukutani, akahesabu lini watu wengi watakuwa macho na hawajatoka majumbani, basi. Hakumkusudia mtu shari. Lakini kama Mwislamu yule hakujiwekea asubuhi yake mwenyewe kwa jua na kwa adhana, hana asubuhi; anayo ya kukopeshwa.

Dini yetu haikuacha jambo la saa za maneno bila ya adabu. Katika Suratun Nur, aya ya 58, Mwenyezi Mungu ametuamrisha kwamba hata watumishi wetu na watoto wetu wadogo wasituingilie bila ya ruhusa katika nyakati tatu: kabla ya sala ya Alfajiri, wakati wa kupumzika adhuhuri, na baada ya sala ya Isha. Na katika Hadithi zilizo sahihi twaambiwa kuwa Mtume (S.A.W.) alikuwa hapendi kulala kabla ya Isha wala mazungumzo ya kupita tu baada yake. Maana yake, kuna saa ambazo nyumba ni ya Mwenyezi Mungu na ya wenyewe tu, na anayetaka kuingia hana budi abishe hodi.

Fikiri basi. Mwanangu wa kumzaa, wa miaka saba, lazima apige hodi kabla ya Alfajiri. Lakini mtu nisiyemjua, aliye mamia ya maili, mwenye sauti kubwa na habari za damu, huingia mpaka kitandani kwangu bila ya hodi. Utaniambia: "Televisheni haiingii yenyewe, mimi ndiye niiwashaye." Naam! Umesema kweli, na hapo ndipo ninapokutaka. Umemwambia "karibu" mtu ambaye hujamsikia akisema "hodi". Basi dhima ya mlango ni yako.

Mzaha uliokuwa jirani na Ngara

Tumezungumza juu ya saa. Sasa tuzungumze juu ya sura, yaani namna habari zinavyochanganywa. Na hapa pia Ngara ina la kutufundisha, na si la kupendeza.

Ng'ambo ya pili ya Mto Kagera iko Rwanda. Mwezi wa Julai 1993 huko Kigali ilianza redio ya watu binafsi iliyoitwa RTLM. Redio ya serikali ilikuwa ya kizamani, msomaji anasoma karatasi kwa sauti ya hukumu. RTLM walikuja na kitu kipya. Walipiga muziki wa kuchangamsha, wa Zaire hasa. Watangazaji wao waliongea kama marafiki kibarazani, wakataniana, wakatoa salamu, wakapokea maneno ya wasikilizaji. Vijana wakaipenda. Na ndani ya muziki ule na mzaha ule wakatia uvumi, kisha matusi juu ya Watutsi, kisha majina ya watu.

Tarehe 6 Aprili 1994 ndege ya Rais Habyarimana, akirejea kutoka mkutano wa Dar es Salaam, ilitunguliwa Kigali. Toka hapo redio ile ya mzaha ikawa ya kuelekeza wauaji: fulani yuko wapi, gari la rangi gani limepita njia gani. Kwa muda wa siku 100 hivi waliuawa watu kiasi cha laki nane. Mwisho wa mwezi ule wa Aprili, watu wakavuka daraja la Rusumo kuingia Ngara. Shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa lilitangaza kuwa robo milioni walivuka kwa muda wa siku moja tu. Burundi nayo ilikwisha kuwaka, baada ya kuuawa Rais Melchior Ndadaye Oktoba 1993, na wakimbizi wake pia walikimbilia pande hizi hizi za Ngara.

Ndugu msomaji, usinielewe vibaya. Sisemi kwamba kila mtangazaji mcheshi ni muuaji. La hasha! Kicheko ni sadaka kikitumika mahali pake. Ninalosema ni kwamba sura ya mazungumzo huulegeza mlango wa akili. Mtu akikusomea karatasi kwa sauti nzito, wamsikiliza kama shahidi, na shahidi huulizwa: umejuaje? Mtu akikuchekesha kila asubuhi, wamsikiliza kama sahibu, na sahibu haulizwi. RTLM walijua hivyo. Waliyoyapitisha chini ya kicheko hayangepita chini ya karatasi.

Baadaye mahakama ya kimataifa ya Arusha ikawahukumu wakuu wake wawili, Ferdinand Nahimana na Jean-Bosco Barayagwiza, pamoja na Hassan Ngeze, mwenye gazeti la Kangura. Hukumu ya kwanza ilitoka tarehe 3 Desemba 2003. Ile ya rufaa, ya Novemba 2007, iliwapunguzia adhabu lakini haikuwatoa hatiani. Na tusijifiche, ndugu zangu: Hassan Ngeze ni Mwislamu. Kalma haiuzuii mkono usioizingatia. Lakini tuseme pia na yaliyo mema, kwamba Waislamu wengi wa Rwanda siku zile waliwaficha jirani zao wasiokuwa wa dini yao, na watu wa nchi ile wanawakumbuka kwa hilo.

Na haki isemwe hata ikiwa ya mwingine. Mwaka 1995, huko huko Ngara, shirika la Kikatoliki la kuhudumia wakimbizi, Jesuit Refugee Service, lilianzisha redio iliyoitwa Kwizera, neno ambalo kwa lugha za kule ni tumaini. Ikawasemesha wakimbizi na wenyeji kwa Kiswahili, kwa Kirundi na kwa Kinyarwanda, ikiwapa habari za kweli mahali palipojaa uvumi. Wahangaza wa Ngara, ambao lugha yao iko karibu sana na Kirundi, walikuwa wanaisikia bila ya mkalimani. Sanduku ni lile lile na mawimbi ni yale yale. Lililobadilika ni nia ya msemaji na mpango wa maneno yake.

Asubuhi ya Sayyidna Umar

Sasa nikupe kisa ambacho kimo katika Sahihi ya Bukhari, na nadhani ndicho kipimo cha mambo haya yote. Sayyidna Umar (R.A.) alikuwa akikaa pembezoni mwa Madina, naye na jirani yake wa Kiansari walipeana zamu. Siku moja huyu huteremka kwa Mtume (S.A.W.) na kurudi na habari za siku ile, siku ya pili yule. Unaona? Masahaba hawakuwa watu wa kukaa bila ya habari. Walizipangia zamu.

Siku hizo watu waliogopa kuwa mfalme wa Ghassan anataka kuwashambulia. Usiku mmoja jirani akarudi, akaugonga mlango wa Umar kwa nguvu, akasema limetokea jambo kubwa. Umar akauliza: Je, Ghassan wamekuja? Akajibiwa: Kubwa zaidi ya hilo, Mtume amewaacha wake zake. Na miongoni mwa wake hao alikuwemo Hafsa, binti yake Umar mwenyewe. Habari gani ingeweza kumchoma baba zaidi ya hiyo?

Tazama alivyofanya. Alivaa nguo zake, akaenda akasali Alfajiri pamoja na Mtume. Sala kwanza. Kisha akaingia kwa Hafsa, akamkuta analia, akamwuliza. Hafsa akasema hajui. Akaenda msikitini, akakuta watu kando ya mimbari, na baadhi yao wanalia. Kilio cha watu hakikumtosha kuwa ushahidi. Akaenda kwenye chumba cha juu alipokuwa Mtume peke yake, akabisha hodi kwa kupitia mtumishi. Mara ya kwanza kimya, mara ya pili kimya, mara ya tatu akaruhusiwa. Hata hakukaa, akauliza akiwa amesimama: Umewaacha wake zako? Mtume akamwambia hapana. Umar akapiga takbiri.

Habari ile iliyogongwa mlangoni usiku kwa nguvu ilikuwa si kweli. Aliyeileta hakuwa mwongo wala mpotovu. Alikuwa mtu mwema aliyesikia watu wema wakisema. Mji mzima ulikuwa unaililia. Lau Umar angeipokea kama sisi tunavyozipokea habari, kabla ya Alfajiri angekuwa ameshawaeleza jamaa zake wote, na pengine ameshamkemea binti yake. Lakini alisali, akauliza, akabisha hodi, akafika kwenye asili ya habari. Ndiyo maana Suratul Hujurat inatuamuru kuchunguza habari tusije tukawadhuru watu kwa ujinga kisha tukajuta. Na ndiyo maana Mtume (S.A.W.) alitufundisha kuwa yamtosha mtu kuwa mwongo kusimulia kila analolisikia. Sisi wenyewe tuna msemo, "lisemwalo lipo, na kama halipo laja." Msemo huu umelewesha wengi. Lililosemwa Madina usiku ule halikuwapo wala halikuja.

Jibu kwa mwenye kupinga

Najua atatokea mtu aseme: "Bwana, dunia ya leo haingoji. Mvuvi atajuaje hali ya bahari? Mfanyabiashara atajuaje bei?" Maneno yake yana haki. Mtume (S.A.W.) aliuombea umati wake baraka katika asubuhi zao, na Sakhr, sahaba aliyeipokea Hadithi hiyo, alikuwa mfanyabiashara aliyepeleka bidhaa zake mapema akatajirika. Dini haitutaki tuwe viziwi. Mwanzo wa Mei 2024, Kimbunga Hidaya kilipokuwa kinakuja juu ya pwani yetu, Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania ilitoa tahadhari siku hata siku, na safari za boti baina ya Dar es Salaam na Unguja zikasimamishwa. Tarehe 4 kimbunga kikafika Mafia. Mvuvi aliyesikia akaivuta ngalawa yake juu alifanya ibada, na mtangazaji aliyemwambia ana ujira wake inshaallah.

Lakini tazama tofauti. Habari ile ilikuwa na la kutenda ndani yake. Aliyeisikia alijua afanye nini na mikono yake. Linganisha na picha ya mauti ya watu wa mbali, uliyoonyeshwa mara nne kabla ya chai, usiyopewa jina la wafiwa uwaombee wala njia ya kuwasaidia. Hiyo imekupa nini? Imekupa hofu bila ya kazi. Na hofu isiyo na kazi, ikirudiwa kila asubuhi, huzaa mambo mawili: ama moyo mgumu usioshtuka tena, ama moyo unaotafuta wa kumchukia. Jirani wa Rusumo walituonyesha mwisho wa huu wa pili.

Basi kwa wenye vituo, wengi wao wakiwa ndugu zetu na watoto wetu, nina maombi matatu. Kwanza, watangulize lile ambalo msikilizaji anaweza kulitendea jambo: bahari, mvua, barabara, maradhi ya mlipuko, bei. Pili, wasiweke damu na kicheko katika sahani moja. Ikiwa habari ni ya msiba, vikombe vya chai vitoke mezani. Tatu, wachunge jasho la wengine. Mwaka 2017 Waziri wa Habari wa Tanzania wa wakati huo, Dakta Harrison Mwakyembe, alivitaka vituo viache kusoma habari za magazeti kwa undani, visome vichwa tu, kwa kuwa gazeti lililosomwa lote hewani halinunuliwi. Hoja hiyo ni ya haki za watu, na Uislamu unazijali. Lakini kichwa cha habari bila ya kiwiliwili chake nacho ni hatari, kwani wengi hukichukua kichwa wakamaliza wenyewe mwili kwa uvumi. Mwenye kusoma kichwa na awaambie watu waziwazi kuwa hajawasomea habari.

Na kwa wewe mwenye nyumba, mwanamume au mwanamke, yangu ni machache zaidi. Usimfungulie mgeni huyu mpaka nyumba nzima imesali, na watu wamesoma japo ukurasa mmoja wa Qur'ani. Akishaingia, msikilize mzunguko mmoja, kisha muage. Mzunguko wa pili hauna jipya. Simu iliyo mkononi mwako ni mlango wa pili wa nyumba hiyo hiyo, nao una adabu hiyo hiyo. Usilisambaze lililokugonga usiku mpaka umefanya alivyofanya Umar. Na watoto wasiachwe peke yao na mgeni usiyejua atasema nini.

Hayo si mazito. Mwislamu wa Murusagamba anaweza kuyafanya gizani, jua la Dar es Salaam likiwa limeshapanda na saa ya Burundi ikiwa nyuma, kwa kuwa yeye hazifuati zote mbili. Yeye afuata weupe wa alfajiri ulio juu ya kilima chake.

Kisha, ndugu msomaji, utoke nje. Atakupitia jirani, atakuuliza: "Habari za asubuhi?" Mjibu njema, na umshukuru Mola wako kwanza. Halafu umwulize yeye hali ya mgonjwa wake, kwani hiyo ndiyo habari ya asubuhi ambayo utaulizwa kesho mbele ya Mwenyezi Mungu kuwa uliisikia ukafanya nini.

Mwenyezi Mungu azibariki asubuhi zetu, azilinde ndimi zetu, na azifanye nyumba zetu zisikie kheri kabla ya shari. Amin.

Wassalaamu alaykum warahmatullah.